Saa ya Upande wa Binti

Fundi saa wetu mtaa mzima ulimwita Dakika, kwa sababu ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, alikujibu "dakika tu," na dakika yenyewe ilikuwa na siku tisa ndani yake. Alishiriki chumba na kinyozi: yeye upande wa dirisha, kinyozi upande wa kioo. Ukutani kwake zilining'inia saa mbili za kugonga, moja ya hapa, nyingine ya mji wa mbali alikokwenda bintiye kufua mashuka ya hospitali. Ile ya pili ilikuwa nyuma kwa saa saba, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata kwa kitambaa.

Mji ule Dakika aliupenda kimyakimya. Huko, binti alisema, basi la saa mbili na dakika saba huja saa mbili na dakika saba. Kwetu ukialikwa harusi ya saa nane ukafika saa nane, utamkuta bibi harusi anaoga, nawe utapewa viti upange. Ila kwetu jirani anajua hata soksi yako ipi imetoboka. Kule hajui kama upo.

Ndipo Jumamosi iliyopita, wakiongea kwa simu, ulimi ukamponyoka: "Mji gani huo, mwanangu, mtu anakuitikia salamu kwa kidevu?"

"Baba, mimi ni wa huku sasa," binti alijibu, na simu ikakatika. Wiki nzima Dakika alikuwa akitafuna maneno ya kumwomba radhi.

Jumamosi hii, saa kumi na moja jioni, saa ya binti ikagonga saa nne, asubuhi ya kule: mapumziko yake. Dakika akapiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akarudia. Vilevile.

"Amenisusa," alisema.

"Au saa yako imekosea," kinyozi alisema, wembe ukiwa shingoni mwa mteja.

Afadhali angemtukania ukoo. Dakika akapanda kigoda, akaifungua saa hapohapo ukutani, kioo chake cha kukuzia kikiwa jichoni, akapuliza vumbi lisilokuwepo. Nzima kama yai. Akaifunga. Akaifungua tena.

"Daktari, huyo mgonjwa haumwi," kinyozi alisema. "Aliye hoi ni wewe."

"Nyoa, bwana. Hilo ni sikio la mtu."

Saa kumi na mbili simu ikalia.

"Shikamoo, baba. Mbona umepiga kabla ya mapumziko? Simu ilikuwa kabatini."

"Marahaba. Kabla? Mwanangu, kuhusu yale ya juzi..."

"Yapi? Nilikata kwa sababu msimamizi alinisimamia mgongoni. Halafu nilisahau kukwambia: huku baridi ikikaribia wanarudisha saa nyuma kwa saa moja. Mji mzima."

Dakika akakaa. "Wote? Kwa ruhusa ya fundi gani?"

Binti akacheka kile kicheko cha mama yake, kinachoanzia puani. "Endelea kuusema tu mji wangu, baba. Usipousema wewe, nitajuaje umenikumbuka?"

Walipomaliza, kinyozi akafuta wembe wake. "Basi rudisha mshale tufunge."

"Saa ya kugonga hairudishwi nyuma, utaivunja tumbo. Unaisimamisha, unangoja wakati uifikie."

Akakishika kile kisahani cha shaba kinachobembea, kikatulia. Kisha akavuta kigoda, akakaa chini ya saa, mikono mapajani, akiungoja mji wa bintiye. Mteja mmoja akachungulia mlangoni: saa yake itakuwa tayari lini?

Kwa mara ya kwanza tangu aanze ufundi, Dakika hakusema dakika.

"Nipe saa nzima," alisema. "Niko na mwanangu."