Mto Uliobaki Wazi Mdomo

Chumba cha wifi yangu kilikuwa na dirisha moja, na wakati wa kazi halikufunguliwa. Ungeingia mchana wa jua kali ukadhani umeingia ndani ya wingu. Sufi ilielea. Ilitua kwenye nyusi za watu, kwenye vikombe vya chai, ikapanda tena polepole kama kitu kisicho na haja ya kufika popote. Katikati yake, mkekani, aliketi yeye, mwanamke mnene mwenye kitambaa puani, akichambua mbegu na kuzitupia kwenye beseni bila kutazama. Mtaa mzima ulimwita Mama Sufi, hata kaka yangu aliyemuoa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mito, na maharusi wote wa mtaa wetu walilalia mito yake.

Desturi ya mito hiyo ilivyoanza naikumbuka, maana nilikuwepo. Zamani sisi majirani tulikuwa hodari wa kukimbia. Tukisikia mke wa mtu analia, tunatoka hata bila viatu, tunagonga mlango, tunampeleka hospitali, mume tunamnunia wiki nzima, basi. Siku moja tumetoka kumsindikiza mwenzetu aliyeng'olewa jino kwa ngumi, Mama Sufi akajitupa mkekani.

"Hivi sisi ni majirani au gari la wagonjwa? Kila mara tunafika jino liko sakafuni."

Jibu alilipata mwenyewe, humo humo kwenye sufi. Akina mama tulikubali, akina baba wakabembelezwa mpaka wakakubali, na toka hapo wachumba hawakuja kuchukua mito tu na kwenda zao. Walikuja wote wawili, wakaketi uso kwa uso, wakachambua sufi yao wenyewe alasiri nzima. Kinyozi wetu, mzee mpole mwenye mdomo usiochoka, aliketi nao kwa upande wa wanaume. Maswali yalikuwa madogo madogo. Mkeo akichelewa kurudi, utafanya nini? Ukikasirika, mikono yako unaiweka wapi? Na sufi inalevya, nawaambieni. Mtu akishaichambua kwa muda huanza kusema ya moyoni kama anayeota.

Mto ulijazwa, lakini mdomo wake haukushonwa mpaka Mama Sufi aridhike. Na mto ukiwa wazi mdomo, hakuna mzazi wa mtaa ule aliyetoa binti.

Basi mjukuu wangu, niliyemlea mwenyewe toka hajaota meno, akamleta mchumba wake, fundi wa mageti. Kijana mrefu, mchapakazi, akinisalimia anainama mpaka nasikia raha. Nilikwenda nao kwa wifi kama mtu anayekwenda kuchukua mzigo wake uliokwisha fungwa.

Kinyozi akaanza. "Fundi, mkeo akikuambia geti lako limepinda, utasema nini?"

"Geti langu halipindi."

"La kwetu je?" mjukuu wangu akacheka. "Si bibi analifunga kwa jiwe!"

Sote tukacheka, isipokuwa fundi. Aliinua mkono ili amtoe mchumba wake sufi iliyomkaa kwenye nywele. Nilimwona, hakuwa na nia mbaya. Lakini mjukuu wangu alifumba macho, shingo ikazama mabegani. Kidogo tu. Kisha akafumbua, akaendelea kucheka.

Mama Sufi akaacha kuchambua. Yeye hakuwahi kutazama mkono wa mwanamume. Alitazama kope za mwanamke.

"Mbona umejikunyata, mjukuu wangu?"

"Sufi, bibi. Iliniingia jichoni."

"Sufi inapigisha watu chafya. Haiwafanyi wajikunyate."

"Sijawahi kumpiga!" fundi akasema. "Mwulizeni!"

"Hajawahi," mjukuu wangu akasema taratibu. "Alirusha kikombe tu. Ukutani. Kilinipita hapa." Akagusa sikio, akatabasamu kama anayekiombea radhi kikombe.

Fundi akasimama. "Kumbe nimeitwa kuhukumiwa kwa kikombe!" Akausukuma mlango kwa nguvu.

Hilo hata watoto wetu hawalifanyi. Mlango wa Mama Sufi haufunguliwi sufi ikiwa nje ya gunia. Upepo ukaingia, na chumba chote kikanyanyuka. Hatukuonana. Tulipoanza kuonana tena, fundi alikuwa amesimama kizingitini, mweupe toka nywele hadi viatu, amezeeka ghafla.

"Rudi ndani, baba," Kinyozi akasema. "Huko nje watadhani umefufuka."

Nikamnong'oneza Mama Sufi, "Wifi, ni kikombe tu. Shona."

"Kikombe ndicho hutangulia, wifi. Leo tumewahi. Unataka tuchelewe?" Akamgeukia binti. "Unamtaka huyu?"

"Namtaka, bibi. Ila jioni akija, nasikiliza kwanza anavyofunga geti."

Fundi alisikia. Akaingia, akaufunga mlango polepole, akaketi.

Mto ukatundikwa msumarini, mdomo wazi. Harusi ikasogezwa mbele. Watu walisema, na waseme. Fundi akawa anakwenda kwa Kinyozi kila wiki, saluni ikishafungwa, kukaa na wanaume wenzake. Hasira yako inaanzia wapi? Mwanzoni alijibu kwamba haianzii popote, inakuja tu. Baadaye akasema inaanzia kwenye taya. Akajifunza kusema "natembea kidogo, narudi", akatembea kweli, akarudi kweli. Na mjukuu wangu tulimwambia, wote, kwamba akibadili nia hakuna atakayemuuliza kwa nini.

Sufi mpya ilipoingia walikuja tena. Alasiri ile chumba kilikuwa kimya, nyuzi nyeupe zinashuka kama usingizi. Moja ikatua juu ya sikio la mjukuu wangu, upande ule ule wa kikombe. Fundi akainua mkono. Akausimamisha hewani.

"Nikutoe?"

Mjukuu wangu alimtazama, akamtazama sana. Kope zake hazikucheza. Kisha akakiinamisha kichwa, akamsogezea.

Mama Sufi akautungua mto msumarini, akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni.

"Wifi," akaniambia, "nitungie uzi. Macho yangu yamejaa sufi."