Mtani Aliyeshusha Imeli za Rehema

Hii si habari ya kusimuliwa. Imenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, ofisini kwangu hapa Mikumi, na kompyuta yenyewe ipo mezani hadi leo. Hunijui? Muulize dereva yeyote wa lori anayelala barabara hii. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia ya mpunga Kilangali kwa mgongo huu, na leo nina gesti ya vigae na maji ya moto, waliosoma wananiita bosi. Usifikiri unasoma maneno ya mtu mwoga.

Rehema ni mtoto wangu pekee. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na huko walimnyang'anya simu. Ikabaki imeli. Mama mwenye nyumba akitoka, Rehema anaiba nafasi kwenye kompyuta ya watoto, ananiandikia. "Baba nipo mzima." Siku nyingine ni hayo tu, lakini hayo ndiyo yaliyokuwa yanatupa usingizi mimi na mama yake. Hatukuwa na njia nyingine ya kujua kama mtoto yu hai.

Imeli hizo nilikuwa nazifungulia mtandaoni, kama watu wote, unaandika paswedi unaingia. Sasa mvua ikishika milima ya huku mtandao unakufa. Barua za mwanangu ziko huko ndani, mimi niko nje, sijui kaandika au hajaandika. Mwenye gesti nzima nakaa kutazama kiduara kinazunguka!

Siku hiyo mvua ilikuwa ya kumwaga. Akaingia mtu wa makamo yangu, kabeba mkoba, akasema ni fundi kompyuta, anajificha mvua.

"Mwenyeji wa wapi, bosi?"

"Msagara wa Kidete."

Akacheka mpaka akashika kiti. "Kumbe mtumwa wangu! Mimi Mnyamwezi. Babu zako wangepotea porini bila babu zangu."

"Babu zako walikuwa wapagazi, na wewe hadi leo umebeba mkoba!"

Utani wetu unaujua. Mtani akiingia kwako anachukua kofia, anachukua kuku, nawe unacheka tu. Na siku ya msiba ndiye anayeshika jembe, anakuzika huku anakutukana. Basi nilifurahi, nikamweleza shida yangu.

"Mbona kidogo hiyo," akasema. "Nakuwekea programu inayokaa ndani ya kompyuta. Inazishusha barua zote, unazisoma hata mtandao usipokuwepo. Ila chagua. Nakala zibaki na kule mtandaoni, au zote ziwe kwako tu?"

Mtu mwingine angesema zibaki. Lakini mimi tangu nijenge sijapanga kwa mtu. "Changu kinakaa kwangu," nikamwambia. "Futa kule."

"Hutaki hata akiba, mtumwa wee?"

"Kwani umeona paa langu linavuja?"

Akafanya. Kwake mtandao ukakubali, mvua ile ile, barua zikashuka mbele ya macho yangu, zote. Nikauliza ujira wake.

"Mtani halipwi. Mtani anachukua."

Nikafungua mikono. "Chukua utakacho! Mimi si maskini."

Hakugusa kitu. Akasema, "Nimepokea," akanyanyua mkoba. Niamini, hapo ndipo nilipotazama viatu vyake. Nje maji yanatembea kama mto, yeye viatu vina vumbi jekundu, kavu, na sakafuni kwangu hakuna hata tone. Akiwa mlangoni akageuka. "Nitarudi kushika jembe, mtumwa wangu." Nikamfuata barazani. Barabara tupu, pande zote. Mlinzi wa getini akaapa kwamba hakuna mtu aliyeingia.

Nikajiambia ni utani tu. Wewe ungejiambia nini?

Tangu hapo kule mtandaoni sanduku langu ni tupu. Ndani ya programu, barua za Rehema ziliendelea kuingia, nikajisifu kwa kila mtu kwamba nilichagua vizuri. Mpaka siku ya radi, nimechomoa waya wa mtandao kwa mkono wangu, ikaingia moja. "Baba, huku pia inanyesha." Imepita wapi, waya ninao mkononi? Nikamjibu mbio. Jibu likagoma kutoka, na yote niliyoandika baadaye yamerundikana palepale.

Nikampigia wakala aliyempeleka. Akakwepakwepa, mwisho akasema Rehema hayupo tena katika nyumba ile, hakuna anayejua aliko. Tangu lini? Akanitajia siku, ikawa ileile ya mtani. Nimekwenda hadi Dar es Salaam kwenye ofisi za wakubwa, nikakaa kwenye mabenchi kama mtu asiye na jina. Nimeita fundi kutoka Morogoro. Aliona barua inaingia na waya umechomolewa, akafunga vifaa vyake, hakudai hata nauli.

Mama Rehema kachoka. Yuko kwao Kilosa, katandika mkeka, watu wanakwenda kumpa pole.

"Baba Rehema, njoo tukae matanga," ananiambia kwenye simu. "Mwache mtoto apumzike."

"Apumzike vipi na anaandika?"

Anakata simu. Siku moja niliizima kompyuta. Nikalala nikiwaza, je, kama ndiyo sasa anaandika? Nikainuka nikaiwasha.

Wewe mwenye mtu mbali, nisikilize. Barua zake ziache kule mtandaoni, hata mtandao ukikutesa. Ukiwekewa programu, simama nyuma ya fundi uhakikishe nakala zinabaki. Na mtani usiyejua kwao mlime maneno uwezavyo, lakini usimwambie achukue atakacho.

Rehema sijapata njia ya kumwambia kwamba mama yake amehama. Jana ameandika: "Baba, mbona mama analia huko Kilosa? Mwambie nipo hapa."

Hapa wapi, hakusema.