Sekunde Hamsini Nilizomkata Madam Njoki

Nimekosa. Sina wa kumsukumia lawama, na nikimaliza kueleza mtaona kwamba tayari kuna watu watatu wanaoibeba lawama yangu bila kujua ni yangu. Jina langu sitaliweka hapa, na majina ya wengine nimeyabadilisha, lakini mambo yenyewe sijayapunguza. Kupunguza ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi huendesha kipindi cha mazungumzo kwenye mtandao. Hurekodi na kuhariri chumbani kwangu Gatongora, hapa Ruiru, godoro likiwa limesimamishwa ukutani ili mwangwi upungue. Naongea na wataalamu wa kutengeneza programu za kompyuta: jinsi mifumo inavyopangwa, inavyoharibika, inavyorekebishwa. Wanaonisikiza ni watu wenye laptop na ndoto, wengi wakifanya kazi peke yao bila mkubwa wa kumwuliza. Basi mimi ndiye nikawa wa kuulizwa. Jamani, hilo jambo lilinipanda kichwani!

Kazi yenyewe ni kukata. Mgeni akikohoa, nakata. Akisema "aaah" mara saba, nakata. Akinyamaza, hapo ndipo nakata haraka zaidi, maana msikilizaji akisikia kimya anadhani simu yake imekwama. Watu walinisifu kwamba wageni wangu hawababaiki. Hawakujua kwamba kila mtu hubabaika, mimi ndiye nilikuwa nawapiga pasi.

Halafu nikampata Madam Njoki. Huyu mama alipanga mifumo ya mashirika makubwa kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi kwake Ngoingwa, Thika, kufuga kuku wa mayai. Nilikuwa nimemwomba mara nne akikataa. Siku aliyokubali nilichukua boda kutoka mjini nimekumbatia maiki yangu kifuani, nikamkuta barazani amevaa gambuti, mikono ina unga wa chakula cha kuku.

Tuliongea saa nzima, vizuri ajabu. Mwishowe nikamwuliza swali ambalo kila msikilizaji wangu alikuwa akilitaka. Siku hizi mtindo ni kuuvunja mfumo vipande: kipande hiki kinapokea ujumbe, kile kinapiga simu, kingine kinaweka kumbukumbu, kila kimoja kinaishi kivyake. Zamani yote yalikuwa ndani ya programu moja. Nikamwuliza, "Madam, mtu akiwa peke yake, anaweza kuvunja system yake hivyo, iwe ya kisasa?"

"Anaweza," akasema.

Kisha akanyamaza. Alinyamaza kabisa, akiangalia kuku wake. Mimi nikaona muda unaenda, nikamwambia, "Madam, tuendelee?" Hakunijibu mimi. Alisema hivi, pole pole:

"Anaweza, lakini asifanye. Mimi nilishafanya. Kile kipande cha kupokea kilikuwa kinaambia watu ndiyo, na kile cha kufanya kazi kilikuwa kimekufa. Mtu alingoja. Kama uko peke yako, kaa na ile yako moja hata kama ni ya kizamani. Na isiwahi kuahidi mtu kitu kama hujui kuna mwenye amekubali kukifanya."

Sekunde hamsini kwa jumla, kimya na maneno.

Jumamosi mchana nilipoketi kuhariri, nilifika hapo nikakunja uso. Jogoo alikuwa amewika katikati. Sauti ya Madam ilikuwa imekwaruza. Na tena, nilikuwa nimeshakipa kipindi jina la kuchangamsha, la kuwaambia watu wavunje mifumo yao waendelee mbele. Huyu mama ananiharibia! Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, peke yangu chumbani. Nikaacha "Anaweza", nikakata yaliyofuata, nikaunganisha na kicheko chake cha mwanzoni. Ukisikiza huwezi kujua pameguswa. Nilijipongeza kwa ile kazi, nikakitoa kipindi jioni hiyo hiyo.

Kesho yake Madam, ambaye huwaita wasichana wote mami, alinitumia ujumbe. "Mami, nimesikiza. Ile sehemu ya mwisho haiko. Irudishe tafadhali." Nikamjibu, "Sawa Madam, nairudisha wiki hii." Nilijua ninadanganya. Kipindi kilikuwa kimeanza kusambaa kuliko vyote nilivyowahi kutoa, na sikutaka kukigusa.

Sasa niwaambie kuhusu Wafula.

Wafula ni rafiki yangu, mtu wa Bungoma aliyekuja Ruiru kufanya kazi kiwandani, akajifundisha kuandika programu jioni baada ya shifti. Tunaimba naye kwaya moja. Alikuwa ametengeneza mfumo mdogo wa bure kwa kikundi cha kina mama kule Ngoliba. Mama mjamzito akishikwa na uchungu anatuma ujumbe, mfumo unampigia dereva wa gari la kikundi, dereva anabonyeza moja kukubali, ndipo mama anajibiwa kwamba gari linakuja. Ulikuwa mfumo wa polepole kidogo. Wakati mwingine mama alingoja dakika nne, tano, kabla ya kujibiwa. Lakini akijibiwa, gari lilikuwa limeshawashwa.

Wiki mbili baada ya kipindi kile Wafula alinishika mkono nje ya kanisa, macho yanang'aa. "Sis, hiyo episode ya Madam imeniweza! Nimeivunja system yote ya Ngoliba. Saa hii mama akituma text anajibiwa hapo hapo. Hangoji hata sekunde tatu!"

Maneno ya Madam niliyakumbuka yote, hata yule jogoo. Mdomo ulifunguka nimwambie.

"Fiti sana, Wafula," nikasema. "Umeweza."

Aki! Ningekuwa nimesema neno moja tu!

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, jua la Ngoliba limesimama utosini. Kipande cha kumpigia dereva kilikuwa kimezima tangu asubuhi na hakuna aliyejua, maana Wafula alikuwa kiwandani na hakukuwa na mwingine wa kuangalia. Kipande cha kupokea kilikuwa hai na chenye adabu zake. Mama mmoja, mimba yake ya kwanza, alituma ujumbe. Akajibiwa papo hapo: Tumepokea. Gari linakuja. Akakaa kando ya barabara na mama mkwe wake, chini ya mwavuli. Akatuma tena. Tumepokea. Gari linakuja. Mara ya tatu, jibu likawa lile lile. Dereva wakati huo alikuwa kwenye zahanati akipangusa gari, simu mfukoni, haijalia.

Walipotambua kwamba hakuna gari, saa zilikuwa zimeenda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tulienda kupeleka pole, Wafula na mimi na watu wanne wa kwaya, na unga na sukari na maziwa kama inavyofanywa. Tuliomba, tukapewa chai. Ndipo mama mkwe akaanza kuongea akiangalia kikombe.

"Jirani alikuwa amekuja na pikipiki," alisema. "Mimi ndio nilimwambia arudi. Simu ilikuwa imesema gari inakuja, nikaona kwa nini huyu mkwe wangu apandishwe pikipiki kwa hii barabara ya mawe. Mimi ndio nilimrudisha jirani. Hata usiniambie si mimi."

Wafula akasimama. "Si wewe, Mama. Ni mimi nilitengeneza hiyo kitu ikawadanganya. Madam alifundisha poa, ni mimi sikuelewa. Nisameheni."

Yule mama mdogo alikuwa ameketi kitandani, mlango wa chumba ukiwa wazi. Hakulia. Alisema tu, "Mimi ningempigia dereva mwenyewe. Namba nilikuwa nayo." Kisha akatuonyesha simu. Alikuwa hajafuta zile jumbe tatu.

Watatu hao kila mmoja alikuwa akijinyooshea kidole. Mimi nilikuwa nimeketi katikati yao na kikombe cha chai mkononi, na nilikunywa. Nilikunywa hadi chini! Nikasema "poleni sana", nikaondoka na wenzangu wa kwaya.

Tangu hapo sina amani. Simu yangu ikilia kwa ujumbe, mwili mzima unashtuka. Nimeacha kupika nikisikiza redio kwa sababu mtangazaji akisita tu, nakisikia kile kimya cha Ngoingwa, na najua maneno yatakayotoka. Ile rekodi kamili ninayo bado. Nimeifungua mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Inasikika kiti cha Madam kikilia, kuku wakichakura, halafu mimi, na ile sauti yangu ya haraka: "Madam, tuendelee?" Naichukia ile sauti.

Na je, nilirudisha ile sehemu? Hapana. Hapa ndipo dhambi yangu inapokuwa mbaya zaidi. Niliogopa kwamba nikiirudisha, Wafula ataisikia na kujua. Kwa hivyo nikaiacha hivyo hivyo, miezi mitatu, watu wakiendelea kusikiza na kuniandikia wananishukuru wameamua kuvunja. Sijui mifumo yao ni ya nini. Sijui nani anangoja nini barabara gani.

Wafula aliacha kuandika programu. Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya aliniambia, "Unajua nimesikiza hiyo episode mara kumi na moja? Natafuta mahali nilikosea. Madam lazima alisema, mimi ndio niliruka. Lakini sipati, sis. Kila nikisikiza sipati."



Juzi nilipanda Ngoingwa. Madam Njoki alikuwa akikusanya mayai, akaniangalia usoni, akaweka trei chini. Nilimweleza yote, kuanzia jogoo hadi kikombe cha chai. Aliponiomba nitue kidogo, nilitua. Akaketi. Akanyamaza, na safari hii sikumwambia tuendelee.

"Ngai," alimwita Mungu kwa Kikuyu mwishowe. "Mimi nilikubali kuongea kwa sababu ya hiyo sehemu pekee. Hayo mengine yote unaweza kuyasoma kwa kitabu." Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Umemwambia huyo kijana?"

"Bado, Madam."

"Na unangoja nini, mami? Gari?"

Nilitoka hapo nikaketi kwenye kituo cha boda, mchana kweupe, watu wakipita na mikate na mifuko ya mboga, nikamtumia Wafula rekodi nzima. Chini yake niliandika: "Si wewe uliyeruka. Ni mimi niliyekata. Nilijua siku ile nje ya kanisa, nikanyamaza. Nilijua Ngoliba pia." Kisha nilifika nyumbani nikakiondoa kile kipindi, nikaweka kingine chenye zile sekunde hamsini, kimya chake chote, jogoo wake wote.

Kama ulisikiza cha kwanza, nakuomba kwa jina la Mungu, rudi usikize hiki kabla hujavunja chochote. Kama ulishavunja, nenda leo ukaangalie mfumo wako unawaahidi watu nini wakati wewe uko kazini kwingine. Na nyinyi mnaorekodi wenzenu: mtu mzima akinyamaza kabla ya kukujibu, toa mkono wako hapo. Mimi nilidhani ni uchafu wa sauti. Sasa kuna kaburi dogo Ngoliba na mimi naijua njia ya kwenda.

Keshokutwa narudi kule. Nitamwambia yule mama mkwe kwamba hakukosea kumrudisha jirani, kwa sababu alikuwa ameambiwa gari linakuja, na kwamba mwenye kosa ndiye yule msichana aliyekunywa chai yake hadi chini. Akinifukuza, nitafukuzika.

Wafula amejibu neno moja tu. "Nimepokea."

Ni siku ya tatu leo. Sijui kama ameisikiza, au kama ataniongelesha tena maishani. Nimeweka simu mapajani, naiangalia, na sithubutu kumwuliza.