Salamu za Kaka

Kaka yangu aliendelea kumtumia mama salamu baada ya kuzikwa.

Aliyekuwa anazileta ni mimi.

Na kabla hujaanza kunihurumia, elewa kitu kimoja: kwa kudanganya, mimi ni fundi. Shuleni nilimdanganya mlinzi, mwalimu wa zamu, mpaka mwalimu mkuu na miwani yake. Hakuna aliyewahi kunikamata. Mama ndiye kabisa, huyo namdanganya huku natafuna.

Nilipomaliza sekondari, chuo kilinipita kama basi lililojaa. Nikafungua tuisheni ya historia sebuleni kwetu, kwa watu wanaorudia mtihani. Mabenchi ya kuazima, ubao nimeuegemeza kwenye kabati la vyombo. Kati ya sebule na jikoni hakuna mlango, kuna pazia tu. Mama akiwa nyuma yake anasikia kila kitu, kuanzia vita vikuu vya dunia mpaka mapinduzi ya juzi.

Nilikuwa nafundisha kwa vichekesho. Vita vyovyote vina sababu, matukio na matokeo. Na kwenye matokeo kuna hoja moja haikosekani, hata kama hukufungua kitabu: "Watu wengi walipoteza maisha."

Nikaipa jina. Maksi ya bure.

Nikifika kwenye matokeo nanyanyua chaki juu, na darasa zima linaitikia, "Maksi ya bure." Watu wanacheka mpaka mabenchi yanalia.

Kaka alikuwa dereva wa lori. Alikuwa anapeleka unga wa msaada kwenye nchi moja yenye vita, vile ambavyo kitabu chetu kimevipa aya moja, tena nyembamba. Mama ana simu ndogo ya vitufe, kwa hiyo kaka alikuwa ananitumia mimi ujumbe, nami namsomea mama. "Mwambie Bosi nimekula." Bosi ni mama.

Mchana mmoja dereva mwenzake akanipigia. Hakuzunguka.

"Mdogo wangu, lori lilikwama katikati ya pande mbili zinazopigana. Kaka yako hatunaye. Barabara imefungwa, tumemzika hukuhuku."

Nilikuwa dukani nanunua chaki. Nikalipa, nikaiacha chaki pale kaunta, nikaondoka.

Mama alikuwa jikoni anasugua sufuria. Ana presha, na presha yake haihitaji sababu kubwa.

"Kuna habari?" akauliza bila kugeuka.

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Yakaja mengine.

"Kaka anakusalimia, Bosi. Anasema amenenepa, sasa hivi usukani unamgusa tumbo."

Mama akacheka. Akaendelea kuisugua sufuria ileile, ambayo ilikuwa imeshang'aa.

Kesho yake nikaleta salamu nyingine. Na keshokutwa. Nikampa kaka mafua, nikamponya. Nikamtungia rafiki huko kambini kwa madereva, mpishi anayeunguza kila kitu, hata chai. Ikawa mama ndiye anayeniuliza, "Mpishi wetu leo kaunguza nini?" Namjibu, anacheka. Halafu naenda bafuni, nafungulia bomba lote ili kisikike kishindo cha maji, si kilio changu.

Darasani, mada ya vita vile nikairuka. Lakini nina mwanafunzi mmoja, dada muuza mitumba, tunamwita Kidole kwa sababu mkono wake haujawahi kushuka.

"Ticha, umeruka mada."

"Hiyo haitoki kwenye mtihani."

"Ilitoka, ndiyo iliyoniangusha. Au na wewe ilikuangusha?"

Darasa likacheka. Nikakosa pa kutokea. Nikaandika sababu. Nikaandika matukio. Nikaandika "Matokeo", nikawageukia kwa mazoea tu, na mkono wenye chaki ukanyanyuka wenyewe.

"Maksi ya bure," wakaitikia.

Jikoni kitu kikaanguka. Mfuniko. Ukazunguka sakafuni mpaka ukachoka.

Nikaugeukia ubao. Nikaandika "Watu". Neno la pili likagoma.

"Wengi, ticha," Kidole akanikumbusha. "Watu wengi."

"Mmoja," nikasema.

"Mmoja hana maksi, ticha."

"Mmoja alikuwa anapeleka unga."

Pazia likafunguka, mama akatoka na mikono yenye povu. Akakaa benchi la mbele, kama na yeye amekuja kurudia mtihani.

"Andika jina lake," akasema.

"La nani, mama?"

Ndiyo, bado nilikuwa nadanganya.

"La mwanangu. Yule dereva mwenzake alinipigia mimi kwanza."

Chaki ikanivunjikia mkononi.

"Mimi ndiye niliyempa namba yako. Nikamwambia, mwambie mdogo wake, maana mimi mdomo wangu hautaweza. Nikakaa jikoni nakusubiri uje unalia, tulie wote. Ukaja na salamu."

"Kwa nini hukuninyamazisha?"

"Nilitaka kuzisikia."

Hakuna benchi lililolia. Kidole alikuwa ameushusha mkono, ameukalia.

Nikaandika jina la kaka chini ya neno "Matokeo". Mama akalisoma taratibu, kwa sauti, kama anamwita aje kula. Hakuna aliyeitika.

"Na yule mpishi?" akaniuliza.

"Hakuwepo, mama."

"Nilishampenda."

Hapo ndipo tukalia, sebuleni, mbele ya wanafunzi, bila bomba lolote.

Tuisheni bado ipo. Maksi ya bure nimeifuta. Kwangu, anayetaka kuandika "watu wengi" anaanza kwa kumfikiria mmoja, na mtu aliyekuwa anasubiri salamu zake.

Na wewe fundi mwenzangu, unayemficha mama yako jambo kwa kuogopa moyo wake hautalibeba: anajua. Yuko nyuma ya pazia anasugua sufuria safi, anasubiri umalize uongo wako uje ukae naye.