Doa Nililolitoa Nizwa

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya kofia mjini Ibra, Mudira, bibi msimamizi wetu, alinipokonya kofia mkononi, akaiinua dirishani. “Bi Zuwena, vitobo vyako vina makengeza. Fumua.” Nikafumua. Skuli niliishia darasa la pili, lakini mkono wangu ulikuwa haujapata kutukanwa. Haikupita miaka miwili, mimi ndiye niliyekuwa nikiwafumulisha wenzangu. Nilipohamishiwa Nizwa, nilikwenda kama mkuu wa washonaji.

Nyie wajukuu zangu mnaoshona kwa mashine hamjui. Vitobo ni vile vishimo vinavyozungushiwa uzi, kichwa kipate hewa. Kofia moja ya mkono hula mwezi na zaidi. Ikisha inafuliwa, inatiwa wanga, inavishwa kalibu ikaukie umbo lake. Kofia chafu haitoki mkononi mwetu. Sheria hiyo ndiyo iliyoniponza.

Alikuja mwalimu wa Kiingereza, mtu mzima, aliyewahi kusomesha Mombasa. Alileta kofia ya mahameli nyeusi yenye kishada, nondo wameitafuna ukingoni. Ilikuwa ya babu yake, mchezaji wa ragbi, ule mpira wa mfano wa yai unaobebwa mkononi huku watu wakiangushana kama mafahali. Kwao, anayechaguliwa kuichezea nchi huvishwa kofia.

“Alivishwa ngapi?” nikamuuliza.

“Hii tu, mama. Aliivaa njia nzima mpaka kwao. Halafu vita vikamchukua.”

Mudira wa Nizwa akaandika maagizo kwenye karatasi. Sikuomba kusomewa. Mkuu wa washonaji asomewe?

Ukingo niliuziba hata nondo mwenyewe asingejua alipokula. Mahameli haioshwi, hilo nalijua. Lakini bitana ya ndani ilikuwa na doa la mafuta, kubwa kama kiganja. Nikalisugua kwa sabuni na ndimu mpaka hariri ikawa nyeupe. Nikajisifu.

Mudira alipoiona, akakaa kitako. “Bi Zuwena, nimeandika ndani pasiguswe.”

“Sikusoma.”

“Basi khalas, mwambie limetoka lenyewe, kwa uzee. Mwanamume atajua nini mambo ya kufua?”

“Doa halitoki lenyewe.”

“Atatushitaki, bibi we. Utafukuzwa wewe, na mimi nyuma yako.”

Mwalimu alipokuja kuichukua, nilimwambia kabla hajakaa: nimeosha mimi, wala sikutumwa. Hakugomba. Aliigeuza kofia, akaingiza uso ndani, akavuta pumzi.

“Ndimu,” akasema.

Ndipo akanieleza. Yale yalikuwa mafuta ya nywele za babu yake. Baba yake mwalimu aliachwa angali kifuani kwa mamake, hakuwahi kumwona mzee wake. Alimjua kwa pua, mle ndani ya kofia, mpaka uzeeni.

Sikufukuzwa. Nimestaafu kwa heshima, vidole vimepinda, na kofia zangu za bulibuli zimevaliwa na watu wakubwa kutoka Sur mpaka Bahla. Nisifuni, ni haki yangu. Lakini mkiulizwa bibi yenu alifanya nini kazini, semeni na hili: alimwosha maiti wa watu bila ya kuombwa, na hakuacha hata harufu.