Barua ya Siku ya Tatu

Mama mpiga chapa wa mtaa wa Wandegeya hakuwa mtu wa maneno mengi. Vidole vyake vilivyopinda vilikimbia juu ya kibodi huku midomo ikisoma kimyakimya, na kila karatasi aliipuliza kwanza, hata isiyo na vumbi. Akot alikuwa amemletea barua ambazo marehemu baba yake, kamanda wa jeshi, alimwandikia mkewe vita vilipoanza. Alitaka ziwe kitabu. Siku mbili yule mpiga chapa alichapa bila kuuliza lolote. Alipofika kwenye barua ya siku ya tatu ya vita, vidole vikasimama. Akasoma kwa sauti: “Redioni nimewaita vijana, nimesema tutashinda kwa wiki moja. Tumeshashindwa. Chukua watoto, leo hii mvuke mpaka wa nchi.”

“Mume wangu alimsikia redioni,” alisema. “Kesho yake akaenda vitani. Hata maiti sikuletewa.”

Akot hakujua aweke wapi uso wake. “Tuuruke huo mstari, mama?”

“Hapana.” Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake la gomesi, akaivaa. Akauchapa mstari wote, polepole, bila kosa. Kisha akauliza, “Nawe ulivuka?”

“Nilivuka.”

Mama akaitikia kwa kichwa, akafungua barua iliyofuata.