Utepe wa Zambarau

Leo msichana anayepiga deki kwenye jengo langu, ghorofa nne nilizojenga bila cheti hata kimoja cha shule, alimwaga jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwenye ngazi. Harufu ilinipiga, nikakaa chini pale pale na suti yangu.

Nikarudi utotoni. Tulikuwa tumemzika cucu, mama yake mama, na tangu siku hiyo mama hakuwa ameongea. Dada yangu akasema tumtengenezee kadi, labda ataongea. Alichonga ua kwenye nusu ya kiazi, akalichovya kwenye jiki, akaligonga kwenye karatasi ya bluu. Rangi ikakimbia! Ua jeupe likatokea mbele ya macho yangu. Nilishtuka, nikadhani ni uchawi.

"Sasa inataka utepe," dada akasema. "Tafuta, si wewe ndiye mjanja?"

Mimi sijawahi kutumwa kitu nikakikosa. Nikaenda nyuma ya migomba, nikafungua utepe wa zambarau uliofunga maua juu ya kaburi la cucu. Nikauchovya kwenye jiki ili usijulikane, ukageuka pinki yenye madoadoa. Maridadi kabisa.

Mama alipokea kadi, akaupapasa utepe hadi kwenye pindo. Kumbe ni yeye aliyeukata kutoka kwenye nguo yake mwenyewe na kuushona kwa mkono.

"Wewe! Umemvua cucu?"

Nikajificha nyuma ya dada.

"Mama ameongea," dada akanong'ona.

"Naongea, ndiyo!" Mama alikuwa tayari analia. "Rudisha hiyo kitu sasa hivi! Na hiyo kadi mpelekee pia, ni nzuri."